Samaki wa Sloti Kwenye Mnada wa Mavuno

Mwaka niliorudi Same na shahada yangu ya takwimu, niliogopa karibu kila kitu. Niliogopa kutuma barua za kuomba kazi kwa sababu zingeweza kujibiwa, na niliogopa kutozituma kwa sababu nyumbani wangeniuliza. Vijana wenzangu pale stendi walicheza sloti, kamari ya picha zinazozunguka, kwenye simu, wengine kwa hela ya nauli. Hilo nalo niliogopa. Nikafungua mchezo mmoja upande wa majaribio, ambako unapewa hela za bandia na huwezi kupoteza chochote isipokuwa bando. Nilijiambia nachunguza hesabu zake.

Hesabu nilizielewa siku ya pili: mchezo umetengenezwa ili mwenye mchezo apate, naye hupata. Ila niliendelea kuufungua, kwa sababu ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa mandhari ya Kichina, una bwawa la mayungiyungi, taa nyekundu za karatasi, na mlima wenye ukungu kama wetu asubuhi za baridi. Taa tatu zikitokea pamoja, lango linafunguka na unapewa mizunguko kumi ya bure. Hapo hujitokeza samaki mwekundu chini ya maporomoko ya maji. Kila mzunguko ukikubali, anaruka ngazi moja juu na malipo yanaongezeka maradufu. Akifika kileleni anageuka joka. Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria jinsi pezi linavyokunjika maji yanapolipiga. Nilimheshimu mtu huyo kuliko baadhi ya walimu wangu, kisha nikaanza kuwaza kama kumheshimu ni dhambi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi Vudee, huko milimani, katika nyumba ambayo kila kiti kina kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Miaka ya shida, maduka yalipokuwa matupu, mabinti wa kule waliolewa wakiwa na vitambaa vyake. Biashara ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, vitambaa vya kiwandani vilipanda mlima kwa magari, vina maua ya rangi kali na bei ndogo, na vyake vikabaki sandukuni. Akawa anatoa kimoja kila mwaka kwenye mnada wa mavuno kanisani.

Kwetu, sadaka za mavuno hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu mwenye moyo hununua jogoo, hulipa, kisha husema, "Namrudisha, auzwe tena." Jogoo mmoja anaweza kununuliwa hivyo mara nne, na kila anayemrudisha hupigiwa makofi. Mwaka uliotangulia, kitambaa cha shangazi kilirudishwa mara tatu. Wa mwisho kukinunua alikuwa baba yangu, naye akakirudisha kwa nia njema kabisa. Watu walipotawanyika kilikuwa bado juu ya benchi, kando ya maboga mawili. Shangazi akakikunja, akaenda nacho nyumbani.

"Nilipongezwa sana," aliniambia. "Ila hakuna aliyekitaka."

Mwaka huo niliorudi, wiki chache kabla ya mnada, nilipanda Vudee kumsaidia kuvuna maharage. Mchana tulikaa barazani tukipukuchua, akaniona na simu. Nilitaka kuificha, lakini alikwisha kuziona taa nyekundu. Nikamweleza kila kitu kwa urefu usiohitajika, pamoja na hatari za kamari. Alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo hizo taa tatu ndiyo zamu yako," alisema. "Wanakufungulia ndiva."

Ndiva ni bwawa tunalokusanyia maji milimani. Siku ya zamu yako hufunguliwa, na maji yanakufuata shambani bila wewe kubeba hata ndoo. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa maelezo ya bonasi mara tano, na haukuwa umenieleza vizuri namna ile.

Alitaka kumwona samaki. Sloti haiitwi ikaja, kwa hiyo yeye alipukuchua na mimi nikabonyeza, hadi maharage yakakaribia kwisha. Taa ya tatu ilipotua, lango likafunguka. Samaki akaruka.

"Anakwenda wapi huyu?"

"Anapanda maji, shangazi. Akifika juu anakuwa joka."

"Joka simtaki. Msimamishe hapo katikati."

Nikapiga picha ya skrini. Aliitazama muda mrefu, akaenda kutafuta penseli na kitambaa cheupe.

Wiki zilizofuata sikula vizuri. Kitu cha kamari kitawekwa pamoja na sadaka, na mimi ndiye niliyekileta. Je, kijana mmoja akimtambua samaki? Je, shangazi akiaibishwa mbele ya watu, uzeeni? Nilitunga maelezo matatu ya kumtetea, mojawapo likiwa na utangulizi na hitimisho. Pia nilibeba hela kidogo, ili watu wakinyamaza nikinunue mwenyewe.

Siku ya mnada, mzee wa kanisa alikiinua kitambaa. Samaki alikuwa mwekundu, amejikunja hewani. Maji yake shangazi aliyadarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, hivyo hayakuonekana mpaka upepo ulipokitikisa, na hapo yalishuka.

Dereva mmoja wa bodaboda akasema kutoka nyuma, "Huyo samaki namjua. Amenila wiki nzima."

Kicheko kilianza kisha kikasita. Mzee wa kanisa akamgeukia shangazi, akamuuliza kama ni kweli. Maelezo yangu yote matatu yalinitoka kichwani.

"Ni kweli," shangazi alisema. "Nimemtoa kwenye mchezo wa kamari. Amekula nauli za watoto wenu, leo nimemleta atoe sadaka."

Mzee wa kanisa alicheka hadi akavua miwani. Alipoanza kunadi, baba aliinua mkono. Shangazi akamtazama, mkono ukashuka. Wangu ulikuwa bado mfukoni, ukabaki humo. Walipandisha bei watu watatu wasio ndugu zetu, na aliyeshinda alikuwa mama mmoja mgeni, aliyepanda kutoka mashamba ya mkonge kuja kusalimia jamaa zake.

Alipolipa, mzee wa kanisa alikuwa tayari amekiinua tena. "Mama anakirudisha?"

"Hapana, mzee," yule mama alisema. "Hiki naondoka nacho."

Wapo waliomwona bahili, niliona kwenye nyuso zao. Yeye hakuwatazama. Alitoa ndizi zote kwenye kapu lake ili utomvu usikiguse, akakikunja samaki akiwa ndani, akakilaza chini, juu yake akatandika khanga, ndipo akarudisha ndizi. Shangazi alifuatilia kila tendo la ile mikono.

Tukiwa njiani kurudi tulipumzika kwenye mfereji. Shangazi aliketi juu ya jiwe, akanyoosha miguu.

"Washa hiyo simu," alisema. "Mkia wake sikuuona vizuri kwa upande wa pili."

Nikawasha, tukakaa kusubiri taa tatu.