Makinda ya Kabula

Sisi tuliokulia Bariadi wakati barabara zote zilikuwa vumbi hatukujua midoli ya dukani. Tulikuwa na michembe ya viazi vitamu mfukoni, ngumu kama kokoto, tukiitafuna njia nzima hadi shule. Jioni tulicheza rede, na mtoto mwenye bahati alikuwa na mnyama au ndege wake mwenyewe. Mimi nilikuwa na njiwa. Nilimwita Kabula, jina tunalompa binti aliyezaliwa mvua ikinyesha, kwa sababu aliangukia uani kwetu siku ya mvua, bawa moja likiburuta. Watoto wa siku hizi wakitaka kujua njiwa anakula nini wanaiuliza simu. Mimi nilimuuliza Bibi Ng'washi.

Huyu alikuwa mjane asiye na mtoto, jirani yetu ng'ambo ya ua wa minyaa. Kuni zilikuwa za shida, naye alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, hivyo moshi ulikuwa umemgeuza macho kuwa mekundu. Ndiye aliyelifunga bawa la Kabula kwa kipande cha kanga yake. Kabula alipopona na kupata dume, akataga mayai mawili kwenye sanduku la mbao nililolitandika pamba, Bibi Ng'washi alinifundisha kuliinua yai moja, taratibu, kulielekeza kwenye jua.

"Ukiona vimishipa vyekundu, mwanangu, ujue kuna mtu humo."

Niliviona. Sijawahi kufurahi vile tena, na nimeolewa, nimezaa.

Makinda yalitoka mabaya ajabu, vipara wenye vinywele vichache vya njano, nikayapenda kama nimeyataga mimi. Kisha utitiri ukaingia sandukuni. Bibi Ng'washi akaniagiza nitoe pamba yote niichome, nitandike majivu, na kila asubuhi niyabadilishe. Nilifanya siku mbili. Siku ya tatu nikaona uvivu. Nilikuwa nimemwona baba akipiga dawa shamba la pamba, wadudu wakaanguka chini siku hiyohiyo. Nikajiambia, kama inaua wadudu wa shamba zima, utitiri wa sanduku itaushindwaje? Nikachukua chupa yake uvunguni, nikamimina kidogo kwenye kitambaa, nikapangusa sanduku lote kwa ndani, nikarudisha makinda yangu, nikaenda shule.

Niliporudi mchana yalikuwa yamelala shingo zimelegea. Kabula mwenyewe alikuwa juu ya bati. Aliruka akaenda zake, na hakurudi.

Nililia hadi mama akatoka jikoni. Aliyatazama makinda, akatazama ng'ambo ya minyaa. Jana yake Bibi Ng'washi alikuwa amekuja kuyaona, akayasifia kwamba yamenona.

"Ni yale macho," mama akasema. "Nilimwona jinsi alivyokuwa anayatazama."

Mikono yangu ilikuwa bado inanuka dawa. Niliificha nyuma ya sketi ya shule. Niliogopa fimbo ya baba, basi, hakuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo. Nikanyamaza.

Mama alilisema kisimani, na wanawake wakalibeba. Mtoto wa jirani mwingine alipougua homa, ikawa macho yaleyale. Baba akaziba kwa miiba uwazi tuliokuwa tunapitia kwenye minyaa. Hakuna aliyempa tena Bibi Ng'washi kaa la moto. Kabla njia haijazibwa alikuja mara moja, akaliinua lile sanduku, akalinusa, akanitazama. Alijua. Nilingoja amwambie mama. Akaliweka chini, akaondoka, na hadi leo sijui kwa nini alinihurumia.

Ndugu zake walikuja kumchukua kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakampeleka Lingeka, na huko ndiko alikofia. Siku ile anahama nilipiga magoti nikamwamkia, kama tulivyofundishwa. Akaitikia. Enzi zetu tulikuwa na adabu sana.

Sasa ni mimi mwenye nywele nyeupe, na nyuma ya nyumba nafuga njiwa tena. Mjukuu wangu haamkii mtu mpaka akumbushwe, anakula huku anachezea simu, na rede anadhani ni chakula. Namsema kila siku. Wiki iliyopita nilikuta yai limepasuka chini, nikaanza kumlaani paka. Mtoto akaja mwenyewe, ute umemganda vidoleni.

"Bibi, ni mimi. Nilikuwa naangalia ile mishipa uliyoniambia. Paka hajafanya kitu."

Nilimtazama, nikakaa palepale chini nikalia kwa sauti. Akanikumbatia, akaniambia nisilie, njiwa atataga mengine.