Namnyaki anayepima mwendo wa pampu kwa ua la jakaranda

Jua halijatoka vizuri Tengeru na Mlima Meru bado umejifunika wingu, lakini Namnyaki Koikai ameshachuchumaa kando ya bwawa la kuogelea, mkononi ana ua moja la jakaranda. Analiweka juu ya maji taratibu, kwenye kona ya mbali kabisa, kisha anaanza kuhesabu kwa Kimaasai, kwa kunong'ona.

Ua linatembea. Linapita katikati ya bwawa, linakata kona na kuingia kwenye tundu la ukutani linalonyonya takataka. Namnyaki anasimama na kujifuta mikono kwenye khanga aliyoifunga juu ya ovaroli.

"Leo limekwenda vizuri," anasema. "Lingesimama pale katikati, ningejua pampu inasinzia. Na likikimbia sana, najua tunachoma umeme bure."

Pampu anayoisema imo kwenye kibanda cha matofali nyuma ya jiko. Si ile ya zamani, ya kuwasha na kuzima basi. Hii ina kioo kidogo na vitufe, na mtu anaipangia izunguke mara ngapi kwa dakika, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Anayeipangia, katika nyumba hii ya wageni yenye vyumba kumi na vinane, ni mama wa miaka 44 aliyeishia darasa la saba Oldonyo Sambu, na ambaye kadi yake ya kazi bado imeandikwa "Usafi".

Alikuja hapa miaka tisa iliyopita kufua mashuka. Bwawa alipewa baadaye, aliyekuwa akilisafisha alipoacha kazi na wengine wote wakalikwepa. Ukiona maua yanavyomwagika hapa kila Oktoba, huwezi kuwalaumu.

"Siku ya kwanza nilikaa nikaliangalia tu," anakumbuka. "Sisi tumekua tunafuata maji na punda, unatoka asubuhi unarudi mchana. Nikasema, maji yote haya, na hakuna hata ng'ombe mmoja anayekunywa."

Mwaka jana mwenye nyumba, Hedwiga Mrosso mwenye miaka 63, alinunua pampu mpya baada ya kuambiwa kuwa itapunguza matumizi ya umeme. Fundi aliyeifunga, Fanuel, aliiweka kwenye mwendo wa juu kabisa, saa nane kwa siku, kama ile ya zamani. Siku chache baadaye alirudi, akabandika karatasi mlangoni: USIGUSE.

"Ile karatasi ilikuwa yangu mimi," anasema Namnyaki bila kinyongo. "Nilifuta kioo na kitambaa kibichi, saa ya pampu ikavurugika. Nilikuwa natoa vumbi jamani."

Umeme haukupungua. Pampu iliendelea kula uniti kumi na tano kwa siku, na Hedwiga akachoka. Aliamua bwawa lifukiwe, juu yake ioteshwe nyasi za kuwekea mahema ya harusi.

"Nilikuwa nimeshaongea na mtu wa lori la kifusi," anasema Hedwiga. "Nilitaka tu kupumua."

Bwawa lingefukiwa, Namnyaki angekuwa hana kazi, maana kufua mashuka siku hizi ni kwa mashine. Na Jumamosi za watoto wa eneo hili, ambao hujifunza kuogelea hapa, zingekwisha. Mmoja wao ni binti yake Naserian, mwenye miaka kumi.

Namnyaki alibisha hodi ofisini. Hedwiga anayakumbuka maneno yake: "Shikamoo mama. Kabla hamjaleta lori, naomba mnipe ile pampu mwezi mmoja."

"Nikamwangalia," anasema Hedwiga. "Nikamuuliza, wewe Namnyaki, kile kitabu cha pampu unakijua? Akasema, kitabu sikijui mama, maji nayajua."

Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza. Kwa siku mbili wakakisoma pamoja, bosi akitafsiri na mfanyakazi akiandika kwenye daftari. Jambo moja lilimkaa Namnyaki kichwani: ukipunguza mwendo wa pampu nusu, umeme unapungua zaidi ya nusu, tena kwa mbali.

Basi akaishusha hadi mwendo wa chini kabisa, akaiacha hivyo usiku na mchana. Siku ya nne bwawa lilikuwa kijani kama mchicha, na maua yamelala katikati hayana pa kwenda.

"Nilikuwa mchoyo," anakiri. "Kwetu ukiona maji yanakimbia, unayazuia. Nikayazuia mpaka yakafa. Niliona aibu, nikalia pale kibandani."

Hakumsubiri bosi agundue. Alimfuata, akamwambia, "Mama, bwawa nimelikosea. Nisamehe, uniachie siku zilizobaki." Dereva wa lori alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza siku ya kuja.

Alilisafisha kwa klorini na brashi. Kisha akayatazama yale maua yaliyomuumbua, akaona yanaweza kumsaidia. Akaweka moja kwenye maji, akaongeza mizunguko mia, akangoja. Akaweka lingine, akaongeza tena. Kila jaribio liko daftarini, kwa mwandiko wa kulala na namba kubwakubwa.

Alichokipata ndicho kinachotumika hadi leo. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, mizunguko 2,400 kwa dakika, ili maua ya usiku yaondoke. Baada ya hapo 1,500 hadi jioni. Jumatano anaipandisha hadi 2,900 kwa saa moja, anapofyonza uchafu wa chini. Juni na Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani, anapunguza saa za pampu kuzunguka.

"Maji yanatakiwa yatembee," anasema. "Hayatakiwi kukimbia wala kulala."

Mwezi ulipokwisha, pampu ilikuwa inakula uniti tano kwa siku, na chini ya bwawa ungeweza kuiona sarafu. Hedwiga alimpigia mtu wa lori akamwambia asije.

Fanuel alikuja Januari kuikagua pampu. Alizisoma namba kwenye kioo, kisha akamgeukia Namnyaki. "Shikamoo mama. Nani kakuwekea hizi namba?"

Leo fundi huyo wa miaka 31 ndiye anayempigia simu kuomba ushauri. "Nahudumia mabwawa sita mjini," anasema. "Kila ninapofunga pampu sasa naweka ua au jani kwanza. Sioni aibu kusema nimefundishwa na mama wa usafi."

Januari ijayo Namnyaki anaanza masomo ya umeme ya jioni katika chuo cha ufundi. Hedwiga ameahidi kadi mpya, na safari hii itaandikwa "Fundi wa Bwawa".

"Sasa hivi nabonyeza tu," anasema Namnyaki akifungua kibanda. "Nataka siku ikigoma niifungue mwenyewe, niione ndani."

Mwandishi ananyoosha kidole kuelekea kwenye vile vitufe. Namnyaki anagonga mlango kwa kucha, palipo na ile karatasi ya Fanuel, imepauka lakini inasomeka.

Kwa nini hakuibandua?

"Niibandue ya nini?" anauliza. "Zamani ilikuwa yangu. Sasa ni yenu."