Wanapotaja Namba Yake

Vigelegele nilivisikia nikiwa bado nje, kidole changu chenye baridi kikitafuta kengele ya mlango. Vilikuwa vigelegele vya harusi hasa, vya kupokezana, mmoja akiishiwa pumzi mwengine anadaka. Ndege ilipita chini juu ya mapaa ya Hayes, magharibi mwa London, na haikuweza kuvizima. Nikatabasamu peke yangu. Nilijua kaka amefanya jambo kubwa.

Kaka ni mtoto wa mama mdogo. Mwili wake ulianza kuwashangaza watu tangu shule, na mwili huo ndio uliompeleka Marekani. Anacheza futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, na analipwa kwa kazi hiyo. Jumapili ile timu yake ilikuwa imekuja London kucheza mechi moja. Alileta tiketi za nyumba nzima. Wanaume walikwenda uwanjani. Mama mdogo alikataa, kwa sababu hakai mahali watu wanakunywa bia tangu mchana, akawaalika mashoga zake waje watazame kwenye televisheni.

Nilipofunguliwa nikaikuta sebule imejaa. Kina mama wanne wa Kipemba walikuwa wamevaa fulana za timu juu ya madira yao, na mgongoni kila mmoja amebeba jina la babu yetu, ndilo kaka analochezea. Meza ilikuwa na sambusa, katlesi na mkate wa kumimina.

"Msomi huyo," akasema mmoja wao. "Kaandika kitabu kimoja tu, keshachelewa kama waziri."

"Umemkosa kakaako," mama mdogo akaniambia. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Sasa hivi wamemtaja. Mchezo mzima umesimama, refa kamtangaza."

Nikageuka kuangalia kioo cha televisheni. Refa alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, anazima maikrofoni yake. Kwenye majani, nyuma yake, kulikuwa na kitambaa cha njano. Nikaelewa papo hapo.

Kazi ya kaka ni ya mstari wa mbele. Wako watano, wakubwa kama makabati, wanamkinga mwenzao anayerusha mpira asiangushwe. Mpira wenyewe karibu hawaugusi, na hakuna anayetegemea wafunge. Mtu wa mstari akifanya kazi yake sawasawa hasemwi na yeyote, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetajwa ni aliyekosea. Kamshika mpinzani nguo, au kaondoka kabla ya mpira. Hapo refa anatupa kitambaa, anasimamisha mchezo, anaikabili kamera na kuitangaza namba ya mkosaji mbele ya maelfu ya watu. Kina mama hawa walikuwa wameisubiri namba hiyo wiki nzima. Walipomwona mwanamume mwenye madaraka anasimamisha kila kitu ili aitamke, wakafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya.

Mimi niliyajua haya kwa kuwa kaka mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alikuwa bado kijana, akavipindua vikombe vitano kwenye zulia, akaniambia nisiutazame mpira, nimtazame yeye. Tangu hapo sijui kuutazama mchezo ule kwa njia nyengine. Msimu mzima nilikuwa namtazama kwenye simu yangu, na msimu mzima alikuwa anapitwa. Watangazaji walikuwa wameshasema waziwazi kwamba nafasi yake inaning'inia. Akivurunda hata hapa London, mbele ya watu wa kwao, kocha atampa mwengine.

Nilikaa. Nikachukua katlesi. Na lazima niseme nilichokihisi: nilifurahi. Sikufurahi kwa sababu ya kaka. Nilifurahi kwa sababu ya hadithi. Kuna meza mjini ambapo vijana wenzangu tunaoandika hukutana, na nilikuwa tayari naisikia sauti yangu pale, nikisimulia wanawake wanaoshangilia makosa ya mtoto wao. Nilijua hata mahali nitakapotua ili wacheke.

Namba ikatangazwa tena. Alikuwa amemkumbatia mpinzani aliyekwishampita. Vigelegele vikapanda hadi kwenye taa, na shoga mmoja akainuka akacheza na sinia kichwani.

"Mwanao kawa kama rais," akasema. "Akitajwa, watu wote wanasimama."

Mama mdogo alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akanigeukia. Watangazaji walikuwa wanarudia picha polepole, wakimzungushia kaka duara jekundu.

"Hebu tufasirie, mwanangu. Wanamsemaje?"

Ningeweza kusema wanamsifu nguvu zake, na nguvu kweli walizitaja. Lakini kina mama wote walikuwa wananitazama mimi, kijana anayejua, na kujua huko kulikuwa kutamu mdomoni kuliko katlesi. Nikawaeleza. Nikaeleza kitambaa cha njano, nikaeleza namba, tena kwa upole wa mwalimu. Nilipoona wamenyamaza sikukoma. Nikasema miguu yake ni mizito, anachelewa, na akishapitwa ndipo anashika. Nikasema huenda leo ndiyo mara yake ya mwisho kuanza mechi.

"Anazuia kama mtu anayezuia mvua kwa viganja," nikamalizia.

Sentensi ilinipendeza. Bado ilikuwa inanipendeza wakati yule shoga aliposhusha sinia taratibu na kuliweka mezani.

Mama mdogo alikuwa ameushika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo kila wanapomtaja, kakosea."

"Ndiyo."

"Na akifanya vizuri?"

"Akifanya vizuri hatajwi."

"Hatajwi kabisa?"

"Kabisa, mama mdogo."

Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa. Mwenye sinia alivua fulana yake, akasema joto, akaikunja vizuri na kuiweka mapajani. Nikawaangalia kina mama wale, ambao mchana kutwa huwageuza na kuwaosha wazee wa watu katika nyumba za wazee, nikaona jinsi nilivyowaondolea Jumapili yao. Lakini hata hapo nilijiambia kwamba ukweli ni ukweli.

Kipindi cha pili mama mdogo alivuta kiti karibu na kioo. Kila mkupuo wa mchezo ulipoisha bila kitambaa alisema chini kwa chini, "Hawajamtaja." Mashoga wakaitikia alhamdulillahi. Ilianza kuwa kama uradi. Mpira unarushwa, watu wanaangukiana, wanainuka. Hawajamtaja. Alhamdulillahi. Baada ya muda nikaona mabega yake yanashuka, na rangi inarudi usoni.

Kisha, robo ya mwisho ya mechi, kocha akamtoa.

Hawakutangaza chochote. Mchezaji mwengine aliingia kushoto, mahali pake, mwenye umbo lile lile, na kwa asiyejua kusoma namba kwa mbali wote ni makabati. Kamera ilimpitia kaka mara moja tu, yuko benchi, kofia chini, taulo kichwani. Mama mdogo alikuwa amegeuka kumpokea mtu kikombe.

"Umeona?" akaniambia, akanipiga goti kwa furaha. "Sasa katulia. Hawamtaji hata kidogo."

Mimi, niliyekuwa na maneno mengi kiasi kile saa moja kabla, nikasema, "Ndiyo, katulia." Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa woga. Nikakaa ubavuni kwake nikamwacha ashukuru hadi filimbi ya mwisho.

Kaka alikuja jioni. Timu ingeruka asubuhi, wakampa saa chache. Mashoga walikuwa wameshaondoka, na wanaume bado wamekwama kwenye treni. Aliinama kupita mlangoni kama afanyavyo siku zote, akamkumbatia mama yake, akakaa pembeni mwa kochi na mguu mmoja ameunyoosha. Mama mdogo alimpakulia pilau la watu watatu na mchuzi wake.

"Mwanzo walikutajataja," akamwambia, akiwa amesimama mbele yake na upawa mkononi. "Lakini baadaye ukawa imara. Ndugu yako kanifundisha. Mtu wa mstari akiwa hodari hatajwi. Kipindi chote cha mwisho, mwanangu, hawakukutaja hata mara moja."

Kaka alinitazama juu ya sahani. Akasema kwa Kiingereza kwamba anaomba maji, nikainuka kuyaleta, akanifuata jikoni.

Aliniuliza nimemwambia nini mama yake. Nikamweleza yote, na vigelegele nikavieleza pia. Alicheka. Alicheka hadi akaegemea friji, na friji ikasogea.

"Kila mara?" aliuliza.

"Kila mara."

"Na wewe ukawakataza."

Hakusema kwa hasira, na hakuwa anauliza. Alikunywa maji yake yote, akaiweka gilasi kwenye sinki, akarudi sebuleni. Nilibaki nimesimama palepale, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na sentensi yoyote kichwani.

"Mama," nikamsikia akisema. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu utoto anaelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Alikuwa anayachagua maneno moja moja. "Mwisho mimi sikucheza. Walinitoa. Kocha kasema wiki ijayo anacheza mwengine. Labda wataniacha kabisa."

Nilipotokea mlangoni mama mdogo alikuwa ameketi karibu naye. Upawa bado uko mkononi, umechuruza mchuzi kwenye dira.

"Walikutoa lini?"

"Robo ya mwisho. Yote."

Niliona anarudi nyuma kichwani mwake, anapita juu ya kila alhamdulillahi. Kisha akanitazama.

"Wewe ulijua."

"Nilijua, mama mdogo."

"Ulikaa hapa ubavuni kwangu."

Hakupandisha sauti. Alimgeukia mwanawe akamuuliza kama goti linauma, na kama huko kuna mtu wa kumkanda, na kaka akajibu kila swali kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika. Mimi nilikusanya vyombo ambavyo hakuna aliyeniomba nivikusanye.

Gari lilipofika kaka aliinuka, akanikumbatia kama kawaida, akaniambia kwa Kiingereza nijitunze. Mama mdogo alivaa koti juu ya dira, akaushika mfuko wa chakula mwenyewe, ingawa mwanawe angeweza kuubeba kwa kidole. Nikachukua koti langu nami nimsindikize.

"Wewe kaa," akasema mama mdogo. "Nataka kuzungumza naye."

Walitoka wote wawili. Mama mdogo akauvuta mlango nyuma yake taratibu, hadi kitasa kikalia.