Wifi, Kobe na Nusu Pointi

Mawifi hawasifiani, hilo najua. Ukimsikia mtu anamsifu mke wa kaka yake, jua ama mke huyo ameshafariki ama msifiaji ana shida anataka kusaidiwa. Wifi yangu ni mzima wa afya, na mimi sina shida yoyote kwake. Ila nimekaa na jambo lake moyoni mpaka limenichosha, bora niliseme tu.

Yeye ni fundi wa meno bandia. Karakana yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yao: meza ndefu yenye madoa ya nta, mashine ya kusagia yenye kelele za kukera, na rafu iliyojaa vinywa vya watu vilivyofinyangwa kwa plasta, vimepangwa vinacheka bila sababu. Mwisho wa meza kuna kompyuta ambayo vitufe vyake vimekuwa vyeupe kwa vumbi la plasta. Siku za kazi inatunza habari za wateja. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, wifi anavua aproni, anakaa mbele yake na kuwa refa.

Refa wa nini? Hapo ndipo iliponichukua muda kuelewa, maana mimi ni fundi cherehani, mambo yangu ni uzi na sindano. Kuna mchezo unaitwa Go. Una ubao wa mistari na vijiwe vyeusi na vyeupe. Wachezaji wawili wanaweka kijiwe kimoja kimoja kwa zamu, kila mmoja akijaribu kuzingira eneo kubwa kuliko mwenzake. Sasa wanaocheza kwenye mashindano ya wifi si watu, ni programu za kompyuta. Watu wanaziandika, wanaziunganisha mtandaoni kila mtu akiwa kwake, kisha wanakunja mikono na kuzitazama zikipigana. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilimuuliza wifi kama kichwa kiko sawa, kwa kuwa sijawahi kuona refa wa wachezaji wasiokuwa na miguu. Akanijibu kwamba wenye programu wana miguu, tena wana mioyo myepesi kuumia kuliko wachezaji wa mpira.

Ni kweli. Kuna fundi wa lifti, kuna daktari wa mifugo, kuna bibi mmoja mstaafu ambaye programu yake hushika mkia kila mwezi na hajawahi kukosa hata shindano moja. Wametawanyika miji mbalimbali na wengi hawajawahi kuonana. Wifi ndiye anayewaunganisha. Anapanga nani acheze na nani, anaangalia saa, anaamua ugomvi, na kila shindano likiisha anaandika habari ya kila mchezo na kuwatumia wote. Nimewahi kuzisoma. Anaziandika kama habari za watu: fulani alianza kwa pupa, fulani alikubali kuumia kona moja ili apate katikati. Na aliyeshika mkia anaandikiwa maneno mengi kuliko bingwa. Yule bibi mstaafu alimwambia kwamba huwa anazisoma habari hizo mara mbili, ya pili kwa sauti.

Kuna sheria moja wifi anaishika kwa meno, na hayo si meno bandia. Mchezo ukishaanza, refa haamshi mtu. Programu ikiganda, ikikosea, ikilala, refa anaona na ananyamaza. Ni kazi ya mwenyewe kuangalia chake. Siku moja programu ya fundi wa lifti iliganda ikiwa inaongoza. Mwenyewe alikuwa ametoka kidogo kwenda kumfungulia mgeni mlango. Wifi aliiona saa inakwenda, namba ya simu ya fundi anayo, na hakupiga. Fundi aliporudi muda wake ulikuwa umekwisha, ameshindwa. Alilalamika wiki nzima. Kaka yangu ndiye aliyemtetea mkewe siku zile, akasema refa akianza kuamsha mmoja itabidi awaamshe wote, na kuna watakaokuwa mbali na simu.

Na hapa ndipo kwenye mgogoro wenyewe. Kaka yangu naye ni mchezaji.

Anafundisha udereva. Kutwa nzima yuko kiti cha pembeni, mguu juu ya breki yake ya ziada, akiwaambia watu waangalie vioo kabla ya kuondoka. Akirudi nyumbani anaandika programu yake, anaiita Kobe kwa sababu inafikiri taratibu. Alianza kuiandika kabla mtoto wao hajaenda shule, na sasa mtoto ana ndevu. Kobe alikuwa hajawahi kushinda shindano hata moja. Nafasi ya pili amepata, ya tatu ameizoea. Kaka hasemi sana, lakini mimi nimezaliwa naye tumbo moja, najua kitu kikimuuma. Kilikuwa kinamuuma.

Tatizo ni kwamba hata Kobe angeshinda, ingekuwaje? Kuna mwenye programu mmoja ambaye mimi namwita Pilipili kwa sababu ya maneno yake. Programu yake inaitwa Radi na imekuwa bingwa mara nyingi. Huyo alikuwa haachi kuchomeka maneno: refa na mchezaji wanalala kitanda kimoja, sisi wengine tunasindikiza tu. Wengine hawakumuunga mkono, lakini hawakumkanya pia. Wifi alijitolea kuacha urefa, wakamwomba abaki, maana hakuna mwingine aliyetaka kazi ile. Akabaki, na Pilipili akabaki na maneno yake.

Jumapili ninayoisema mimi nilikuwa kwao, nawashonea mapazia ya sebuleni. Cherehani yangu niliiweka ukumbini, kati ya karakana ya wifi na chumba ambacho kaka ameweka kompyuta yake, kwa hiyo nilikuwa nawaona wote wawili wasiotakiwa kuonana. Siku za mashindano wanaishi kama wapangaji. Hawasemeshani ila kwa salamu.

Kobe alikuwa moto siku hiyo. Alishinda mchezo wa kwanza kwa mbali, wa pili kwa mbali, na kufika mchezo wa mwisho yeye na Radi walikuwa sawa. Atakayeshinda ndiye bingwa. Kabla hawajaanza Pilipili akaandika mbele ya wote: "Mcheza kwao hutunzwa. Refa, tunakuangalia." Wifi aliruhusu mchezo uanze, kama kawaida yake.

Inabidi nieleze jambo dogo, kwa kuwa ndilo lililotuumiza. Kwenye Go mweusi ndiye anayeanza, na kuanza ni faida, basi mweupe anapewa fidia ya pointi. Fidia ina nusu ndani yake ili pasiwe na sare. Miaka yote fidia yao ilikuwa sita na nusu. Mwezi huo walikubaliana iwe saba na nusu, kwa sababu weusi walikuwa wanashinda mno. Na aliyetoa hoja hiyo, nikuambie tu, ni kaka yangu mwenyewe.

Jambo la pili ni tabia ya Kobe. Kushinda kwa nusu pointi na kushinda kwa pointi arobaini kwake ni sawasawa. Akishaona ameshinda anakuwa mkarimu, anamwachia mwenzake vipande hapa na pale ili asiingie kwenye hatari, mradi ile nusu yake ibaki.

Kobe alipata vijiwe vyeusi. Kufika katikati ya mchezo kaka alikuwa anatembea chumbani, anakaa, anasimama tena. Alinionyesha kwa kidole bila kusema: tunaongoza. Nikaacha kushona. Nikajikuta namwombea dua programu.

Wifi akapika chai, akatuletea. Yangu aliiweka kando ya cherehani, ya kaka akampelekea kule ndani. Alipotoka nilimwona amesimama mlangoni na sinia mkononi, hatikisiki. Uso ulikuwa umembadilika.

Nikamuuliza kuna nini.

"Shona, wifi," akasema. "Mimi na wewe tutaongea baadaye."

Nilinuna kidogo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alininyima kwa sababu anaujua mdomo wangu hauna pazia, hata niwe nashona mapazia. Akarudi karakanani akakaa mbele ya kompyuta yake, mikono ameikalia.

Mchezo ukaisha. Kaka alipiga kelele moja ya furaha, kwa maana Kobe mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ameshinda kwa nusu pointi. Kisha nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma. Matokeo ya mtandaoni yalikuwa yanasema mweupe ameshinda kwa nusu pointi. Radi ndiye bingwa.

Wifi alikuja akasimama mlangoni kwake. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini kila neno nililisikia.

"Ndani ya Kobe uliandika fidia ya sita na nusu kwa mkono wako. Hukuibadilisha. Michezo ya mwanzo alishinda kwa mbali ndiyo maana haikuonekana. Huu amekuwa anagawa pointi mpaka amegawa na ile moja ya ushindi wako."

Kaka akamtazama. "Umeijua sasa hivi?"

"Niliiona hiyo sita na nusu kwenye kioo cha kompyuta yako nilipokuletea chai."

Alipoleta chai mchezo ulikuwa katikati tu. Kaka angeweza kumzima Kobe, akabadilisha namba, akamwasha, na nani angejua? Damu ikanipanda. Nilisimama nikamwambia wifi kwamba huyu si fundi wa lifti, huyu ni mume wake, amempelekea chai mpaka mkononi na kumnyima neno moja. Nilisema na mengine ambayo sasa hayana haja.

Hakunipandishia sauti. Aliniuliza tu, "Na fundi wa lifti alikuwa wa nani?"

Nikauokota mkasi wangu, kama vile ndio wenye jibu.

Akarudi karakanani. Sisi tukamfuata, kaka mbele, mimi nyuma nikiwa bado na mkasi mkononi. Wote walikuwa wanasubiri mtandaoni, na Pilipili alikuwa ameshaanza kuuliza imekuwaje Kobe akagawa eneo lote lile, kuna mchezo gani hapa. Wifi akawaandikia ukweli ulivyo: Kobe alihesabu kwa fidia ya zamani, kosa ni la mwenyewe; yeye refa aliliona mchezo ukiwa katikati, akanyamaza kama sheria inavyosema. Matokeo yanabaki yalivyo.

Yule bibi mstaafu ndiye aliyeanza, akasema pole Kobe. Daktari wa mifugo akafuata. Fundi wa lifti akaandika kwamba leo ndiyo amemsamehe refa kwa moyo mmoja, akaweka na kicheko. Mwisho akaja Pilipili.

"Ningekuwa mimi ndiye refa," aliandika, "ningemwambia."

Nilipoyasoma nikasema kimoyomoyo, na mimi pia, ndugu yangu. Tena ningemwambia kwa kupiga vigelegele. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kunipa mimi kazi ya urefa, na nadhani hata yeye hatapewa.

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe. Nilikuwa namwangalia yeye, si kompyuta, kwa sababu nilitaka kuona kama ndoa ya kaka yangu inavunjikia mbele ya vinywa vya plasta. Aliyasoma yale maneno ya Pilipili, akayarudia. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akamwekea mkewe mkono begani.

"Kwa hiyo siku nikishinda," akasema, "itakuwa nimeshinda kweli."

"Ukikumbuka kuangalia vioo," wifi akamjibu. Ndipo nilipoona machozi yanamtoka. Alikuwa ameyazuia tangu ile chai.

Nilimpenda saa ile, naomba iandikwe hivyo. Mtu anayeweza kumpenda mume wake kiasi cha kumwacha ashindwe sijamwona mwingine, na mimi nimeona ndoa nyingi, nimeshona mashela yake.

Nikarudi kwenye cherehani, imebaki kukunja mapazia tu. Pazia la mwisho lilikuwa fupi kuliko wenzake kwa nusu inchi. Nililiona tangu asubuhi, nikaamua kwamba hakuna atakayelitambua, dirisha lenyewe liko nyuma ya kochi. Nikalitazama, nikatazama mlango wa karakana, wifi alikuwa ameshaanza kuandika habari ya michezo ya siku ile. Nikachukua mkasi nikafumua upindo wote, huku nikimkasirikia wifi yangu kwelikweli, maana nilikuwa nimeshamaliza kazi.