Vidole vya Kuazima

Kwa miaka miwili vidole vya Mwalimu Mildred havikuwa vyake. Vilikuwa vya Celine, mtoto wa miaka kumi ambaye viganja vyake vilijikunja ngumi tangu kuzaliwa na havikunjuki. Wenzake katika ile shule ya mabati ya Kawangware walihesabia vidole vyao. Yeye angehesabia nini? Basi Mildred akamwazima vyake. Celine alivilaza kimoja kimoja kwa ngumi yake, ulimi nje, mpaka jibu lipatikane. Alifika kwenye kujumlisha, na maringo yake usiseme.

Kisha mama yake akapata kazi ya kufua nguo katika nyumba za Nyayo Highrise, wakahamia Kibera, jirani na huko. Mildred alibaki na vidole kumi asijue avifanyie nini. Alimkosa yule mtoto, tusifichane. Kila kipindi cha hesabu alijikuta amenyoosha mikono mbele ya dawati tupu.

Mwezi haujaisha, Mama Celine akapiga simu.

"Teacher, huku wanasema hajui hesabu kabisa. Jumatatu wanamrudisha nasari."

Mildred akajishika kichwa. Kosa lilikuwa lake: alimfundisha mtoto, kisha akabaki na nusu ya somo mikononi mwake. Ijumaa akaomba ruhusa, akaenda Kibera kwenye shule mpya ya Celine.

Celine alipomwona alicheka mpaka mate yakamtoka. Mwalimu wake mpya, Trizah, msichana mwenye haraka lakini si mbaya, aliandika ubaoni sita kujumlisha tatu. Mildred akanyoosha mikono, halafu akairudisha. Leo mtoto angejibu. Na Jumatatu je?

"Teacher Trizah, leta mikono yako."

"Yangu ya nini sasa?"

"Huyu huhesabia vidole vya mwalimu. Nyoosha tu."

Celine alikunja uso, akamtazama Mildred. Mildred akaificha mikono mgongoni, na ilimuuma kuificha. Mtoto alisita, akalaza kidole cha kwanza cha Trizah. Cha pili. Akaendelea mpaka kikabaki kimoja tu kimesimama.

"Tisa," alisema, na hakugeuka tena nyuma.

"Wee! Na tulikuwa tunampeleka nasari!" Trizah akashangaa.

Mildred alipiga makofi kuliko wote. Hakumwambia mtu kwamba, kidole cha tano kilipolala, moyoni alikuwa anaomba mtoto akosee.