Kisima Tulichokizika Ainabkoi

Watu wakisikia nilifanya kazi ya mionzi pale Eldoret enzi za chama kimoja, wanadhani nilikuwa napiga wagonjwa picha za mifupa. Wapi! Wagonjwa wangu walikuwa mashimo. Tulikuwa tunashusha ndani ya kisima kipya chuma kirefu chenye chembe ya mionzi ya gamma. Mionzi inaingia kwenye mwamba, inatawanyika, na ile inayorudi tunaipima. Mwamba mzito hurudisha kidogo. Uliopasuka, ambao maji hupenda kujificha, hurudisha mingi. Ndivyo tulivyojua bomba lenye matundu likae wapi.

Kisima cha Ainabkoi kilichimbwa kwa mama mmoja aliyetoa kona ya shamba lake ili kijiji chote kichote. Mto uko bondeni, na mke wa mwanawe alikuwa ameteleza kwenye mteremko ule na mtungi mgongoni, mimba ikatoka. Sasa alikuwa na nyingine. "Huyu simwachi aende mtoni tena," mama aliniambia. Kila asubuhi alituletea mursik, maziwa yaliyoganda kibuyuni, akiniita "mtu wa samaki" kwa sababu natoka ziwani. Nilimpenda sana yule mama.

Kazini tulikuwa na sheria: kabla ya chuma chenye mionzi, unashusha kwanza chuma kitupu, uone kama shimo liko wazi. Siku ya kupima, mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha, na DC, mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja kufungua kisima.

"Bosi, kile kitupu bado," nikamwambia mkubwa wetu wa kazi.

"DC anangoja maji, hangoji vyuma vyako!" Akashika winchi ya kushushia mwenyewe. Wanasema haraka haraka haina baraka; huyu baraka zake alikuwa anazitafuta kwa DC.

Chuma chenye mionzi kilipofika chini, ukuta wa shimo ukaporomoka juu yake. Tulivuta mpaka giza, kesho yake tukavuta tena, waya ukakatika. DC alikuwa ameshapata habari siku ile ya kwanza, akageuza gari njiani, pale Kaptagat. Na chembe ile haikai pamoja na maji ya kunywa. Hakuna dawa ila kujaza shimo simiti iliyotiwa rangi nyekundu, ili atakayechimba baadaye akiiona asimame.

Bosi akarudi mjini, akaniachia mimi kusema.

"Maji yapo?" mama aliuliza.

"Yapo, Mama. Mengi."

"Na mnayaziba?"

Nilimweleza habari ya ile chembe, machozi yakinitoka, wala sioni haya kusema. "Ai, mtu wa samaki," akasema.

Simiti haikorogwi kavu, na lori letu halikuwa na tangi. Mama akaingia nyumbani, akatoka na mtungi. Wanawake wenzake wakafuata bila kuambiwa, wakashuka mtoni kutuletea maji ya kuzibia kisima chao. Nyuma yao, akishikilia vichaka asiteleze, alishuka yule mjamzito. Mama alimwona, wala hakumrudisha.