Kula Kidogo, Baba

Alizaliwa binti, lakini mwenyewe alijijua mvulana. Kifua na nyonga vilipoanza kujitokeza, akaanza kujinyima chakula ili visionekane. Siku moja, akiwa anashona na shangazi yake, fundi cherehani, kizunguzungu kikamwangusha.

"Mbona hutaki kula, mama?" shangazi aliuliza huku akimpepea.

"Nikishiba naonekana msichana, shangazi. Na mimi si msichana."

Shangazi alimkalisha, akampima mabega, akamkatia shati pana lililonyooka kifuani.

"Kinachopunguzwa ni kitambaa, si mwili. Kesho nakupeleka kwa daktari. Sasa kula kidogo, baba."

Aliposikia anaitwa baba badala ya mama, kijana alilia, akavuta sahani ya chakula aliyowekewa. Hakuimaliza. Kupona kulichukua muda, na shangazi alikula naye kila mlo.